Wanaosoma Logi

Katika kila taasisi yenye matawi mengi, iwe benki, shirika la bima au wakala wa serikali, kuna seva moja au mbili ambazo wafanyakazi wengi hawajawahi hata kuzisikia. Kazi yake ni kugawa. Programu mpya, masasisho ya usalama na mipangilio ya ofisi hutoka kwake makao makuu hadi kwenye kompyuta ya karani wa mwisho mkoani. Ofisi zinazotumia Windows mara nyingi humtegemea mgawaji aitwaye Configuration Manager wa Microsoft, mfumo uliozaliwa mwaka 1994 kwa jina la Systems Management Server na kubadilishwa jina mara kadhaa tangu hapo. Msaidizi wake ni WSUS, seva ya masasisho iliyotoka mwaka 2005. Vikifanya kazi, hakuna anayejua kuwa vipo. Vikigoma, kompyuta huandika namba ya ajabu, karani hupiga simu, mtu wa IT huzima seva na kuiwasha, na mambo hutulia. Baada ya wiki kadhaa namba ileile hurudi.

Nataka kumsifu yule asiyekimbilia kuzima.

Kuzima na kuwasha ni dawa halali, na sisemi ni dhambi. Foleni ya wateja ikifika nje ya mlango, tawi lazima lifanye kazi. Lakini seva ikizimwa, kilichokuwamo kwenye kumbukumbu yake hupotea, na ushahidi hupotea nacho. Logi zenyewe, yaani madaftari ambamo mfumo huandika yanayotokea, hazimngoji mtu. Kwenye kompyuta ya mtumiaji, Configuration Manager huandika logi zake ndani ya C:\Windows\CCM\Logs, na kwa mipangilio ya kawaida kila logi hukua hadi baiti 250,000 tu, hubakizwa nakala moja ya nyuma, kisha ya zamani hufutwa. Kompyuta yenye shughuli nyingi inaweza kusahau Jumatatu kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa kunakili. Hajagusa kitu, hajabadilisha kitu, ananakili tu, na kwa anayemtazama kwa mbali anaonekana hafanyi lolote.

Namfahamu fundi mmoja wa aina hiyo, mwanamke anayehudumia matawi ya mikoani akiwa Dar es Salaam. Nimekaa karibu na meza yake kiasi cha kutosha kujua kwamba kazi yake huanza na maswali ambayo mwenye haraka huyaona ya kupoteza muda.

"Dada, zimegoma tena," anasema karani wa tawi la Kigoma.

"Pole sana kaka. Zote, au baadhi?"

"Hizi za mezani. Laptop za mameneja ziko sawa."

"Umeme ulikatika?"

"Ulikatika, ukarudi kama saa tatu na nusu."

"Na ujumbe umeuona saa ngapi?"

"Saa nne hivi, dada. Saa nne kasoro."

Wengi tungesikia malalamiko. Yeye amesikia kwamba kosa haliko Kigoma. Laptop zina betri, hazikuzimika. Za mezani zilizimika, zikawaka zote kwa pamoja, na kila moja ikaanza kuiuliza seva kama kuna masasisho mapya. Laptop zimesalimika kwa sababu hazikuuliza. Yeyote aliyeuliza saa ile, awe Kigoma, Mtwara au ghorofa ya chini ya jengo hilohilo la makao makuu, angepata jibu lilelile. Ndani ya dakika moja, bila kufungua hata dirisha moja kwenye skrini, ameondoa mashaka juu ya mtandao wa tawi, ruta ya tawi na kompyuta za tawi.

Saa nayo ina mambo yake. Saa nne asubuhi ya karani ni 10:00 kwenye logi za kompyuta yake. Kwenye logi za IIS, seva ya wavuti inayoibeba WSUS, tukio hilohilo limeandikwa 07:00, kwa sababu IIS huandika kwa saa za UTC, saa ya kimataifa, isipoelekezwa vingine. Fundi mchanga hufungua logi ya seva, hutafuta mistari ya saa 10, hukuta shwari, kisha hutangaza kwamba ombi halikufika na kosa ni la watu wa mtandao. Logi za Configuration Manager humwachia mtu kidokezo, kwani kila muda ulioandikwa humalizikia kwa -180, yaani dakika zinazotutenganisha na UTC. Angalau sisi wa Afrika Mashariki hatusogezi mishale ya saa. Mafundi wa Ulaya wanapaswa kukumbuka kama tukio lilitokea kiangazi au majira ya baridi kabla ya kulinganisha logi mbili.

Halafu ziko namba. Karani akiona 0x80072EE2 anaona laana. Fundi anaona sentensi yenye sehemu mbili. Namba ikianza na 0x8007, kosa limetoka kwenye Windows yenyewe, na tarakimu nne za mwisho zikigeuzwa kutoka hesabu ya kumi na sita kwenda hesabu yetu ya kumi zinatoa namba halisi. 2EE7 ni 12007, yaani jina la seva halikupatikana. 2EFD ni 12029, jina limepatikana lakini muunganisho haukufanyika. 2EE2 ni 12002, muda wa kusubiri umekwisha. Mgeni wa kwanza hakuijua nyumba. Wa pili ameifikia, akakuta geti limefungwa. Wa tatu alipiga hodi, akasubiri hadi giza likaingia bila mtu kuitikia. Watu wengi huwarundika hawa watatu chini ya jina moja, "tatizo la mtandao", ilhali kila mmoja anahitaji kutibiwa mahali pake. Wa kwanza ni wa DNS (mfumo wa majina ya seva), wa pili mara nyingi ni wa faiawoli au huduma iliyolala, wa tatu ni wa seva iliyolemewa au njia inayomeza pakiti.

Namba aliyoipata karani wa Kigoma ilikuwa nyingine, 0x80244022. Hii inatoka kwa Windows Update na maana yake ni kwamba seva imejibu 503, huduma haipatikani. Mwenyeji ametoka nje akasema leo hatupokei wageni. Na huo ni ushahidi mzuri kuliko unavyosikika: jina limejulikana, njia iko wazi, lango limefunguka, kuna mtu ndani. Kinachobaki ni kujua kwa nini hapokei.

Hapa ndipo nilipoona jambo lililonifanya niandike makala haya. Fundi yule alifungua logi za IIS za saa 07:00 na hakukuta hata mstari mmoja wenye 503. Kompyuta zinasema zimepewa 503; seva haikumbuki kumpa mtu yeyote 503. Mwingine angedhani kuna mwongo. Yeye alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitarajia hilo, akaenda kwenye folda nyingine kabisa, System32\LogFiles\HTTPERR. Chini ya IIS kuna sehemu ya Windows iitwayo http.sys, inayopokea maombi kabla hayajafika kwa IIS. IIS ikiwa imefunga huduma fulani, http.sys hujibu yenyewe 503, na huandika kwenye daftari lake, la IIS halipati habari. Na huandika sababu kwa neno moja. AppOffline maana yake huduma imefungwa. QueueFull maana yake foleni imejaa. Siku ile kulikuwa na QueueFull kadhaa, kisha AppOffline mfululizo. Ukimya wa daftari la kwanza ulikuwa sehemu ya maelezo.

Kilichokuwa kimetokea ni kisa kinachojulikana kwa mtu yeyote aliyeitunza WSUS kwa miaka. Huduma yake huendeshwa ndani ya IIS katika kundi la michakato liitwalo WsusPool, ambalo kwa mipangilio ya kawaida lina kikomo cha kumbukumbu cha kilobaiti 1,843,200, kama gigabaiti 1.8, na foleni ya maombi 1,000. Kompyuta inapouliza masasisho, seva hupitia katalogi nzima ya yanayoihusu, pamoja na yale ya zamani yaliyokwisha kupitwa na mapya ambayo hakuna aliyeyakataa rasmi. Katalogi ya miaka mingi isiyosafishwa ni nzito. Maombi yakija mengi kwa wakati mmoja, kumbukumbu hufikia kikomo na mchakato huanzishwa upya, na kompyuta zilizokuwa katikati ya swali hupoteza zilichofikia. Zinarudi kuuliza tangu mwanzo, nyingine zimeongezeka nyuma yake. Mchakato ukianguka mara 5 ndani ya dakika 5, IIS huamua kuufunga kabisa ili kuinusuru seva. Kinachoonekana Kigoma ni 0x80244022.

Mtu akiiwasha seva upya, kundi linafunguka, na kwa kuwa nusu ya kompyuta zimeshakata tamaa kwa siku hiyo, mzigo ni mwepesi na kila kitu kinaonekana kimepona. Ndiyo maana dawa ya kuzima na kuwasha ina sifa kubwa isiyoistahili.

Hadi hapa fundi wa wastani angeweza kufika, hasa siku hizi ambapo namba yoyote ya kosa ukiitafuta mtandaoni inakupa majibu. Angeongeza kikomo cha kumbukumbu na kurefusha foleni hadi 2,000, kama Microsoft wenyewe wanavyopendekeza, na angekuwa hajakosea. Huyu alifanya hivyo pia, lakini hakufunga faili. Alitaka kujua kwa nini siku hizo na si nyingine, maana umeme Kigoma hukatika mara nyingi kuliko kosa hili linavyotokea. Alichukua kalenda ya ukutani, ile ya karatasi inayogawiwa mwisho wa mwaka, akaweka alama za kalamu nyekundu kwenye tarehe zote ambazo tiketi (maombi ya msaada) za namba hii zilifunguliwa. Zilikuwa Jumatano, Alhamisi kidogo. Jumatano moja kila mwezi.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira yao. Seva hupakua usiku, na Jumatano ofisi zinapofunguliwa kompyuta hukuta katalogi mpya na zote zina la kuuliza. Kwa kawaida kila kompyuta huuliza kwa saa yake, kwani mpangilio wa Windows Update ni kuuliza kila saa 22 na kupunguza kwa bahati nasibu hadi asilimia 20, makusudi ili zisigongane. Umeme ukikatika na kurudi mpangilio huo hutibuka, zote huamka pamoja. Jumatano ya namna hiyo peke yake WSUS huhimili. Umeme peke yake inauhimili. Vikikutana, hufa. (Tahadhari kwa atakayejaribu hesabu hii ofisini kwake: Jumatano inayofuata Jumanne ya pili si lazima iwe Jumatano ya pili. Mwezi ukianza Jumatano, itakuwa ya tatu. Alama zake za kalamu zilionekana kama zimeruka mpangilio mpaka alipoligundua hilo.)

Tiba iliyofuata ilikuwa ya kuchosha na isiyo na la kusimulia: kukataa masasisho yote yaliyopitwa, kupanga upya faharasa za hifadhidata, kuweka kazi hiyo ijirudie yenyewe. Mwenye kuongeza kumbukumbu tu angepata utulivu wa miezi kadhaa, kisha katalogi ingekua hadi kikomo kipya.

Ninapowasifu watu hawa, sifa kubwa naiweka kwenye uwezo wa kuamini malalamiko yasiyoaminika. Mfano maarufu zaidi unatoka Marekani, ulioandikwa mwaka 2002 na Trey Harris, aliyekuwa akisimamia barua pepe katika chuo kikuu huko North Carolina miaka ya 1990. Mkuu wa idara ya takwimu alimpigia simu kumwambia kwamba idara yao haiwezi kutuma barua pepe zaidi ya maili 500. Wanatakwimu walikuwa wamekwisha kukusanya data na kuchora ramani. Maili 500 ni kama kilomita 805, yaani barua kutoka Dar es Salaam ingeishia angani kidogo tu kabla ya Mwanza. Ni rahisi kucheka, kwa kuwa barua pepe haijui umbali. Harris alijaribu mwenyewe na kukuta ni kweli. Mtaalamu wa nje alikuwa amesasisha mfumo wa seva, na usasishaji huo ukarudisha toleo la zamani la programu ya barua, Sendmail, ambalo halikuelewa mipangilio mipya. Muda wa kusubiri muunganisho ukasomeka kuwa sifuri, na sifuri hiyo kwenye mashine ile ilikuwa kama milisekunde 3. Mwanga husafiri takriban kilomita 900 kwa milisekunde 3, maili 559. Seva iliyo mbali zaidi ya hapo isingeweza kujibu kwa wakati hata ingetaka.

Mkuu wa idara alieleza ukweli mtupu kwa lugha ya kwake. Angejibiwa kwamba hilo haliwezekani, mipangilio ile ingebaki ilivyo.

Kuna kosa lingine la aina hiyo ambalo mafundi wa matawi wanalijua vizuri. Tawi linaonekana kwenye mtandao, ping inajibu, kurasa ndogo zinafunguka, lakini kila programu kubwa inayotumwa hukwama palepale, siku zote. Pakiti ya kawaida ya mtandao ni baiti 1,500. Njia ya siri ya VPN inayounganisha tawi na makao makuu huchukua baiti kadhaa kwa matumizi yake, hivyo pakiti iliyojaa haipiti. Ruta hujaribu kurudisha ujumbe kwamba pakiti ipunguzwe, na faiawoli ya mtu mwenye bidii huuzuia ujumbe huo. Mtumaji hapati habari, anaendelea kutuma kubwa. Fundi hupima kwa ping isiyoruhusiwa kukatwa vipande, ya baiti 1,472, kwa sababu vichwa vya pakiti vinaongeza 28 na kufanya 1,500 kamili. Isipopita hushusha kidogo kidogo hadi ipite. Nimeona watu wamebadilisha kompyuta nzima ya tawi kwa ajili ya baiti hizo.

Makosa makubwa hayahitaji ustadi huu. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hakuna aliyehitaji logi kujua kwamba kuna tatizo. Ustadi unahitajika kwa kosa dogo lenye mzunguko, na kadiri mzunguko unavyokuwa mrefu ndivyo linavyokuwa gumu. La kila asubuhi hukamatwa ndani ya wiki. La kila mwezi linataka kalenda. La kila mwaka ndilo baya kuliko yote, na kwa kawaida ni cheti cha usalama. Kompyuta na seva zikitambuana kwa vyeti vya mwaka mmoja, kuna siku moja kwa mwaka ambapo mawasiliano yote hukatika ghafla, na aliyelitatua mwaka jana amehamishwa au ameacha kazi bila kuandika chochote. Hata wakubwa hujikwaa hapo. Desemba 6, 2018, cheti kilichokwisha muda ndani ya programu za Ericsson kiliwaacha mamilioni ya wateja wa kampuni ya simu ya O2 nchini Uingereza bila data kwenye simu zao, na SoftBank ya Japani ikaathirika siku hiyohiyo.

Jambo linaloniudhi ni namna ofisi zinavyopima kazi hii. Anayezima na kuwasha hufunga tiketi ndani ya dakika kumi, na ripoti ya mwezi humwonyesha kuwa hodari. Tiketi ileile ikirudi, huhesabiwa kuwa nyingine, naye hupata sifa nyingine. Anayekaa siku mbili na logi huonekana mzito. Kosa likiondoka kabisa hakuna tiketi ya kuonyesha. Kipimo hicho ni kibovu na kinawafukuza kazini watu ambao ofisi hizo zinawahitaji zaidi.

Septemba 2024 Microsoft ilitangaza kwamba WSUS haitaongezewa uwezo mpya, ingawa bado inatunzwa, na taasisi nyingi zinahamishia ugawaji wa programu kwenye Intune, huduma ya winguni. Wapo wakuu wa idara wanaoamini kwamba wakishahama hawatamhitaji tena msoma logi. Kompyuta inayosasishwa kutoka winguni bado huandika 0x80072EE2 isipojibiwa, bado hutegemea DNS, cheti hai na saa sahihi. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya logi sasa iko mikononi mwa mtu mwingine. Basi ninyi mnaopanga bajeti, mpeni fundi wenu diski ya kuhifadhi logi za miezi mitatu na ruhusa ya kuacha tiketi wazi kwa wiki moja. Nanyi mnaompigia simu, kabla hamjazima chochote, mwambieni saa, na kompyuta ipi imekubali.